Kabla ya Sindano ya Ganzi

"Una ugonjwa wowote, bibi?"

"Sina, mwanangu. Mie mzima."

"Na dawa je, kuna dawa unazotumia?"

"Za presha, na hivi vya sukari. Lakini hivyo ni vya kila siku."

Yeyote aliyewahi kufanya kazi katika chumba cha meno Malindi au Kilifi ameyasikia mazungumzo ya namna hii. Bibi hadanganyi. Kwake ugonjwa ni ule unaomlaza kitandani. Presha iliyotulizwa na vidonge haihesabiki. Mwanafunzi anayetosheka na swali la kwanza ataandika "hana historia ya ugonjwa" na kuchukua sindano. Anayeuliza la pili ana mgonjwa mwingine kabisa mbele yake.

Somo la kumhudumia mgonjwa wa meno mwenye maradhi mengine mwilini huelekea kupangwa kwa majina ya maradhi: moyo leo, kisukari kesho, figo wiki ijayo. Mwanafunzi hukariri, hufaulu, husahau. Naona mpangilio huo uko kinyumenyume. Mgonjwa haji na jina la ugonjwa. Anakuja na mfuko wa dawa, daftari la kliniki na jino linalouma. Ufundishaji uanzie hapo.

Shahada ya udaktari wa meno nchini Kenya husomewa Nairobi na Eldoret, mbali na bahari, na wengi huzijua kliniki za Pwani mara ya kwanza wakiwa madaktari wanagenzi. Huku kuna mambo ambayo kitabu cha Ulaya hakiyatilii mkazo. Kubwa ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu.

Tangu Agosti 1998, watafiti wa mpango wa KEMRI-Wellcome Trust walioko katika hospitali ya Kilifi wamekuwa wakichukua damu ya watoto wanaolazwa na kuiotesha kutafuta bakteria. Matokeo ya takriban miaka kumi yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2009. Kati ya watoto 1,749 waliokutwa na bakteria kwenye damu na kupimwa selimundu, 108 walikuwa nayo. Kati ya watoto 13,492 wa kulinganishwa waliozaliwa eneo hilo, 89. Baada ya kuzingatia umri, uwezekano wa mtoto mwenye selimundu kupata bakteria kwenye damu ulikuwa mara 26 ya mwenzake. Hesabu hii ni miongoni mwa hoja zinazotetea kumpa mtoto huyo penisilini kila siku tangu uchangani.

Mwanafunzi akisoma hapo hukimbilia jibu moja: basi kabla ya kumng'oa jino, apewe antibiotiki. Hapa ndipo mwalimu anapaswa kumzuia na kumwambia asome jedwali la bakteria. Waliokutwa zaidi kwa watoto wenye selimundu ni nimokokasi, asilimia 41, kisha salmonela, asilimia 18. Wa kwanza huishi kooni na puani, wa pili hupitia tumboni. Hawa si wakazi wa ufizi. Kwa hiyo utafiti huu unaeleza vizuri kwa nini mtoto anameza penisilini asubuhi, lakini hauthibitishi kwamba dozi ya ziada kabla ya kung'oa gego itamkinga na chochote. Ushahidi wa dozi hiyo ni hafifu hadi leo. Madaktari wengine huitoa, wengine huchagua kulingana na jino lilivyooza na hali ya mtoto. Mwanafunzi anayeweza kuifafanua tofauti hiyo amejifunza kitu. Aliyekariri "mpe amoksilini" amejifunza kutii.

Tena hatari iliyo karibu zaidi kwenye kile kiti haihusu bakteria. Ni baridi ya kiyoyozi, kiu ya mtoto aliyefika kwa matatu kutoka Ganze bila kunywa maji, woga, na maumivu yasiyozimwa vizuri. Haya yote yanaweza kuamsha kipindi cha maumivu ya selimundu. Hatua za kuchukua ni za kawaida mno, na pengine ndiyo maana hazitokei kwenye mtihani: mwekee miadi ya asubuhi, mpe maji, zima kiyoyozi, piga ganzi ya kutosha, usimpe usingizi mzito kwenye kiti cha kliniki.

Kuna mtego mmoja zaidi. Seli zilizojikunja zinaweza kuziba mishipa ya damu ndani ya mfupa wa taya. Mgonjwa hushika shavu na kulia kama mwenye jino bovu. Wakati mwingine mdomo wa chini hufa ganzi upande mmoja. Picha ya eksirei inaonyesha meno mazima. Mwanafunzi mwenye haraka hulipata jino la kulaumu, na jino zima likitoka, maumivu hubaki palepale. Kesi moja ya namna hii ikijadiliwa taratibu darasani inashinda mihadhara mitatu.

Turudi kwa bibi. Presha yake, tuseme, ni 165 kwa 95. Kanuni inayotumika sana huahirisha kazi isiyo ya dharura presha ikifika 180 kwa 110, kwa hiyo anaweza kuhudumiwa. Mwanafunzi amesoma kwamba mwenye moyo dhaifu asipewe zaidi ya katriji mbili za ganzi yenye adrenalini, na anamhesabu bibi kuwa mmoja wao. Muulize mbili hizo zinatoka wapi. Kikomo ni miligramu 0.04. Katriji ya mililita 1.8 yenye adrenalini ya 1 kwa 100,000 ina miligramu 0.018, mbili ni 0.036, sawa. Lakini ganzi ya 1 kwa 80,000 ina 0.0225 kwa katriji ya ujazo uleule, na mbili ni 0.045. Kikomo kimevukwa na mwanafunzi bado anaamini yuko salama. Pia asiende upande wa pili akabania ganzi: bibi akiumia, mwili wake utamwaga adrenalini yake mwenyewe, na hiyo haina katriji ya kuhesabia.

Aulizwe pia kuhusu muguka, majani ya kutafunwa, hata kama ni bibi. Majani hayo hupandisha presha na mapigo ya moyo. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilitangaza kuyapiga marufuku na suala likafika mahakamani, lakini sijui kitabu cha meno kinachoyataja.

Vidonge vya sukari navyo vitofautishwe. Metiformini peke yake ni nadra kushusha sukari hadi mtu azirai. Glibenklamidi na insulini zinaweza. Bibi akimeza glibenklamidi asubuhi, akang'olewa jino saa nne, akaambiwa asile mpaka ganzi iishe, sukari itashuka akiwa kwenye tuktuk ya kurudi nyumbani, wala si mbele ya daktari. Mwezi wa Ramadhani hesabu hubadilika tena. Dawa ya maambukizi ya mara tatu kwa siku haipangiki kwa mtu anayekula daku na futari tu, naye hatasema. Ataunganisha dozi au ataruka moja.

Malindi ina kundi jingine. Kliniki ya methadoni ilianza huko mwaka 2015, na wanaoacha heroini huja kila siku kunywa dozi mbele ya mhudumu. Heroini ikishatoka, meno yaliyooza miaka mingi huanza kudai. Mwanafunzi humwona mtu anayelalamika kwamba ganzi haijashika na kumdhania anatafuta dawa za kulevya. Mpe ganzi zaidi kwa kipimo, parasetamoli na ibuprofeni kama tumbo na figo zinaruhusu, na usimwandikie erithromisini bila kujua kwamba yenyewe na methadoni zote huvuruga umeme wa moyo.

Udhaifu ninaouona mkubwa zaidi kwenye mafunzo ni barua. Mwanafunzi humwandikia daktari wa moyo: "Je, huyu anafaa kung'olewa jino?" Jibu hurudi: "Anafaa." Hakuna aliyejifunza lolote, na mgonjwa amepoteza nauli. Barua inayosaidia husema: nataka kung'oa magego mawili ya chini kwa ganzi ya lignokeini, mgonjwa anatumia warifarini na sikusudii aiache, tafadhali nipe INR yake iliyopimwa ndani ya saa 24 kabla ya kung'oa, au saa 72 ikiwa imetulia, nitaendelea ikiwa chini ya 4. INR ni kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, na barua hiyo inajibika. Barua ya namna hii ingepewa alama katika mtihani wa mwisho, sawa na kuziba jino, wahitimu wangeandika vizuri zaidi ndani ya mwaka mmoja.

Nawe msomaji, siku utakayokwenda kung'oa jino, usiseme tu kwamba u mzima. Beba dawa zako zote kwenye mfuko, pamoja na daftari la kliniki, na uziweke mezani kabla hujafungua mdomo.