Chura wa Kihansi: Mvuke au Manyunyu?

Miongoni mwa viumbe walioitwisha lugha yetu kazi ni chura mdogo wa korongo la Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Wataalamu walimgundua mwaka 1996. Urefu wake haufiki sentimeta 3, naye makazi yake ya asili ni pale tu ambapo maporomoko ya mto Kihansi huyalowesha majani usiku na mchana.

Tumepata kuona akiitwa "chura wa mvuke". Jina hili halifai. Mvuke ni ule utokao katika sufuria iliyo motoni, ilhali maji ya Kihansi ni baridi, nayo humrukia chura kwa matone. Jina lake la kitaalamu, Nectophrynoides asperginis, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kunyunyiza. Kiswahili nacho kina "kunya" kwa mvua kubwa na "kunyunya" kwa mvua ndogo. Kutokana na hilo la pili twapata "manyunyu" na "kunyunyiza". Mwaka 2000 maji ya mto yalipoanza kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yalipungua mno, ikabidi yatandikwe mabomba ya kunyunyizia. Shina moja la neno latosha kueleza kazi ya maporomoko na kazi ya mabomba. Anayetumia "mvuke" hawezi kumweleza msomaji mabomba yale yaliwekwa kwa ajili gani.

Kosa la pili ni kuandika kwamba chura huyu "hutaga" na kwamba watoto wake ni "viluwiluwi". Hatagi, huzaa. Mayai huanguliwa tumboni mwa mama, na watokao ni vichura kamili. Isitoshe, kiluwiluwi ni mtoto wa mbu pia, na neno hilo limekwisha kuelemewa.

Lakini neno linalotutia wasiwasi zaidi ni "kutoweka". Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kufugwa. Mwaka 2003 ugonjwa wa kuvu ulionekana miongoni mwa waliosalia korongoni, na idadi yao ikaporomoka. Mwaka 2009 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile ulitangaza kwamba hawamo tena katika makazi yao ya asili. Walioandika wakati huo kwamba chura "ametoweka" waliwafuta kwa kalamu vyura waliokuwa hai vizimbani. Wazao wao walipoanza kurudishwa Kihansi mwaka 2012, waandishi hao wangesemaje? Kwamba amefufuka?

Twaonelea "kutoweka" libaki kwa kiumbe asiyesalia popote, na hali ile nyingine iitwe "kutoweka mwituni". Yawezekana mtu akapinga kwamba manyasi ya korongoni si mwitu. Walakini sote twasema paka-mwitu, wala hatuulizi kama paka huyo amelala chini ya mti au nyikani.