Ilirekodiwa na nani? Kamusi elezo na vitenzi visivyo na mwenyewe

KAMUSI elezo ina mazoea yake ya lugha. Fungua makala yoyote ya Wikipedia kuhusu albamu ya muziki, utakutana na vitenzi vilevile: ilirekodiwa, ilitolewa, ilisifiwa, inachukuliwa kuwa. Hiyo ni kauli ya kutendwa, mojawapo ya nguzo za sajili ya kitaaluma, na kuitumia si kosa hata kidogo. Hatari yake ni kwamba humruhusu mwandishi kutuambia jambo lilifanyika bila kutuambia nani alilifanya.

Leo nahakiki makala ya Wikipedia ya Kiingereza kuhusu albamu ya Marvin Gaye, What's Going On. Nimeyachagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni makala mazuri. Pili, albamu yenyewe ina historia ya watu waliofanya kazi kwa miaka mingi bila majina yao kutajwa, kwa hivyo swali la 'nani alifanya?' si swali la sarufi tu.

Kwa msomaji asiyeifahamu, albamu hii ya nyimbo 9 ilitolewa tarehe 21 Mei 1971 na Tamla, tawi la kampuni ya Motown ya Detroit, Marekani. Nyimbo zake nyingi zimeunganishwa, mmoja ukiingia ndani ya mwingine, na anayesimulia ni askari aliyerejea kutoka vita vya Vietnam akakuta nyumbani nako kumeharibika: umaskini, dawa za kulevya, chuki, hewa chafu. Frankie, mdogo wake Gaye, alikuwa ametumikia jeshi huko Vietnam.

Jina la muziki wenyewe ni mtego kwa mfasiri. Tukisema 'muziki wa roho', msomaji wa Kiswahili atafikiria Tenzi za Rohoni na moja kwa moja atajipata kanisani. Ni kweli kwamba muziki huu ulichota mengi kwenye kwaya za makanisa ya Wamarekani weusi, lakini si muziki wa ibada. Afadhali tuuache uitwe soul. Ama jina la albamu, Kiswahili kina neno linalolitosha kabisa: Kulikoni.

Turudi kwenye makala. Jambo la kusifu linapatikana mapema, katika aya ya utangulizi. Hapo tunaelezwa kwamba hii ndiyo albamu ya kwanza iliyomtaja Gaye kuwa mtayarishaji, na iliyowataja wanamuziki wa studio ya Motown waliojulikana kama Funk Brothers. Mwandishi mwingine angeliweka jambo hilo chini kabisa, karibu na orodha ya nyimbo. Kuliweka mwanzoni ni uamuzi wa kihakiki, na ni uamuzi sahihi.

Kwa nini? Tangu mwaka 1959 wanamuziki hao ndio waliopiga ala nyuma ya Supremes, Temptations, Four Tops na wengine wengi. Dunia iliijua sauti ya Diana Ross. Vidole vilivyokuwa vikipiga gitaa la besi, vya James Jamerson, dunia haikuvijua, maana jalada halikuvitaja. Jamerson alifariki mwaka 1983. Filamu iliyowaleta wenzake waliosalia mbele ya umma, Standing in the Shadows of Motown, ilitoka mwaka 2002. Ndiyo maana mstari mmoja kwenye jalada la 1971 una uzito.

Makala yanaendelea vyema yanapoeleza asili ya wimbo uliobeba jina la albamu. Mei 1969, Renaldo Benson wa kundi la Four Tops aliona polisi wakiwashambulia waandamanaji mjini Berkeley, California. Alimsimulia Al Cleveland, mtunzi wa Motown, na wakaanza kuutunga wimbo. Wenzake Benson waliukataa. Gaye aliupokea, akaubadilisha na kuuongezea yake, kisha akaurekodi mwaka 1970. Kila kitendo kina mtu wake, na msomaji anaona jinsi wimbo ulivyopita mikononi mwa watu watatu.

Mambo hubadilika inapofika zamu ya kutoa hukumu. Katika utangulizi huohuo tunaambiwa kwamba albamu imeainishwa kuwa msururu wa nyimbo zenye kisa kimoja. Imeainishwa na nani? Tunaambiwa pia kwamba Gaye amepewa sifa ya kuwazindua watu kuhusu mazingira kabla suala hilo halijavuma. Sifa hiyo alipewa na nani, lini? Watu waliokuwa wakitembea katika sentensi zilizotangulia wametoweka, na sasa ni vitenzi vinavyojiendesha vyenyewe kama gari lisilo na dereva.

Hapo ndipo somo letu la sarufi linapoingia. Kiswahili kina njia mbili kuu za kumwondoa mtenda. Ya kwanza ni kutendwa: 'Wimbo ulirekodiwa.' Hapa mtenda amefichwa, ila mlango wake uko wazi. Msomaji anaweza kuuliza 'na nani?' na sentensi ikampokea mgeni: 'Wimbo ulirekodiwa na Gaye.' Ya pili ni kutendeka, pamoja na ndugu zake kama 'inasemekana'. Hapa mlango umefungwa. Hatusemi 'inasemekana na fulani', kwa kuwa mtenda hana pa kukaa.

Sasa tazama linalotokea tunapotafsiri. Kiingereza cha makala hayo kinatumia kutendwa, ambako mtenda angeweza kurudishwa. Mfasiri wetu mwenye haraka hukimbilia 'inasemekana'. Kilichokuwa kimefichwa sasa kimezikwa. Kisha mwanafunzi anakuja, ananakili 'inasemekana' ile kwenye tasnifu yake, na msimamizi akimuuliza nani kasema, anabaki kukuna kichwa.

Hebu tujaribu sentensi moja. Mfasiri anaweza kuandika: 'Albamu hii inachukuliwa kuwa bora zaidi katika historia.' Ni sentensi inayosikika vizuri, lakini haina kitu. Mwingine anaweza kuandika: 'Mwaka 2003 na mwaka 2012 jarida la Rolling Stone liliiweka nafasi ya 6 katika orodha yake ya albamu 500 bora, mwaka 2020, baada ya kura mpya, jarida hilohilo liliiweka nafasi ya kwanza.' Sentensi ya pili ni ndefu, lakini imemwambia msomaji jambo ambalo ile ya kwanza imelificha: kwamba hukumu hubadilika. Katika orodha mbili za awali nafasi ya kwanza ilikuwa ya Sgt. Pepper's ya Beatles. Nyimbo za Gaye hazikubadilika hata noti moja kati ya 2012 na 2020. Waliobadilika ni waamuzi na nyakati zao. Ukiandika 'inachukuliwa kuwa', historia hiyo yote inapotea.

Ubaya wa kumficha mtenda hauishii kwenye hukumu. Tukisema 'wimbo ulifunguliwa kwa saksofoni', hatujakosea. Ila aliyeipuliza ni Eli Fontaine, na alikuwa akipasha tu chombo chake moto. Gaye akaridhika, akamwambia aende nyumbani, kazi imekwisha. Tukisema 'sauti mbili za mwimbaji zilichanganywa', pia ni kweli. Lakini fundi wa mitambo, Ken Sands, alizicheza kwa pamoja kwa bahati mbaya, na Gaye akapenda alichosikia. Ukiwaondoa Fontaine na Sands, msomaji atadhani kila kitu kilipangwa. Ukiwarudisha, ataelewa kwamba kipaji cha Gaye kilikuwa pia katika kusikia thamani ya kilichotokea bila kukusudiwa. Mtenda akirudi, uhakiki nao unarudi.

Wapo watakaopinga. Watasema kamusi elezo haipaswi kuwa na maoni, na kutendwa ndiko kunakoipa umbali na mada. Nakubali kuhusu umbali. Lakini kumtaja msemaji ndiko kujitenga kwenyewe. Ukiandika 'inachukuliwa kuwa bora', wewe umeshasema ni bora, ila umejificha nyuma ya kiambishi -w-. Ukiandika nani alisema, lini na wapi, maoni yanabaki yake, nawe unabaki mwandishi wa kamusi elezo. Na pale mtenda asipojulikana, au asipokuwa na umuhimu, tutumie kutendwa bila wasiwasi. Hakuna anayehitaji jina la aliyepakia santuri kwenye masanduku.

Nasi hapa nyumbani tuna sababu yetu ya kulijali jambo hili. Chukua wimbo wa 'Malaika'. Fadhili William aliurekodi miaka ya 1960, lakini utunzi wake umegombaniwa kwa miaka mingi, Adam Salim akiwa miongoni mwa waliodai kuwa wao ndio watunzi. Mwandishi wa kamusi elezo ya Kiswahili akisema tu 'ulitungwa miaka ya zamani', atakuwa ameepuka ugomvi kwa kumnyima mtunzi haki yake, awe nani. Afadhali aandike nani alidai nini. Studio ngapi za Afrika Mashariki zimetoa nyimbo ambazo tunamjua mwimbaji peke yake?

Kwa hivyo, nawasihi wanaoandika na kutafsiri makala ya namna hii kwa Kiswahili wawe na zoezi moja dogo. Ukimaliza aya, rudi kwenye kila kitenzi cha kutendwa ukiulize: na nani? Kikijibu, andika jina. Kikikataa kujibu, kachunguze zaidi. Na ukikuta umeandika 'inasemekana', ifute kwanza, halafu uende ukamtafute aliyesema.