Mpira Pekee Ndio Unaobonyea

Wiki tatu sasa mpwa wangu anachora pampu. Yuko mwaka wa pili chuoni, anasomea katuni za kompyuta, na hii ndiyo kazi yake ya kwanza ya kulipwa: dakika mbili za picha zisizo na maneno, za kuwaonyesha watunza visima vijijini namna ya kubadili mipira ya Afridev.

Afridev unaijua hata kama jina hulijui. Ni ile pampu ya mkono yenye mpini wa chuma, iliyoanzia Malawi miaka ya 1980 na kuboreshwa Kenya, michoro yake ikaachwa wazi ili yeyote aiunde bila kumlipa mtu. Walioibuni walitaka wanakijiji waifungue wenyewe. Pistoni, na hata vali ya chini, huvutwa juu kupitia ndani ya bomba; bomba lenyewe halitoki kisimani.

Chuoni amefundishwa zile kanuni 12 ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Disney, walizieleza katika kitabu chao cha 1981. Ya kwanza ni kubonyea na kurefuka: mpira ukigonga chini ubonyee, ukiruka urefuke, jicho liamini kwamba una uzito. Basi akachora mpini unaojipinda kidogo kila unaposhushwa. Ulipendeza kweli. Fundi mzee aliyepewa na mteja kazi ya kukagua aliutazama mara moja tu.

"Mwanangu, chuma kikipinda hivi mimi nakitupa."

Mpwa wangu akaunyoosha, amenuna. Kesho yake nilimkuta anacheka peke yake. Alikuwa amegundua kwamba ndani ya pampu kuna kitu chenye ruhusa ya kubonyea: ule mpira wa pistoni unaojibana kwenye ukuta wa silinda. Ujuzi wote wa darasani akaumimina hapo. Mpira mzima unajitanua na kubeba maji. Uliochakaa unalegea, maji yanachuruzika pembeni na kurudi yalikotoka. Ukiona hivyo unaelewa kwa nini mtu anapiga mpini weee na ndoo haijai.

Lakini kilichonifanya nivute kiti ni vali. Pistoni ikipanda, vali yake hujifunga na maji yaliyo juu yake hubebwa. Papo hapo ile ya chini hufunguka, maji mapya yakaingia. Pistoni ikishuka, vali hupokezana zamu. Haya hutokea gizani, chini ya ardhi, na kwa fremu 24 kila sekunde mabadilishano yenyewe yalipata fremu mbili tatu tu. Ukipepesa jicho, yamekupita. Akaanza na mwendo wa kawaida, ili mtazamaji autambue mdundo wa mkono wake mwenyewe, kisha akalipasua bomba na kupunguza kasi. Pale vali zote mbili zimefungwa akasimamisha kila kitu. Fremu 6 hazikutosha. Fremu 24, pampu ikaonekana imekwama. Alishinda mchana kutwa hapo, akatua kwenye 12. Nusu sekunde! Mimi nisingeona tofauti kama nisingekaa ubavuni mwake.

Tone la maji la kufuatiliwa na macho alilipaka jekundu, hadi mzee alipouliza kama kisima kimeingia uchafu. Sasa ni jeupe.

Mikono je? Alijirekodi kwa simu ameshika spana, mara kumi na kitu, maana hakutaka kuchora mkono unaofungua nati kwa kukaza.

Jana mzee aliitazama yote, simu ameiinamishia kivulini mwa kofia. Mkono wake wa kulia ulikuwa unapanda na kushuka bila yeye kujua. Akairudia. Akairudia tena, kisha akauliza mbona nati ya kifuniko ilifunguliwa na haikurudishwa.

Usiku huu mpwa wangu yuko kwenye nati.