Noti Tatu kwa Pumzi Moja

Wimbo “Good Day” wa IU ulitoka Korea Kusini tarehe 9 Desemba 2010, na tangu hapo watu wakiusimulia huanzia mwishoni. Huanzia kwenye noti tatu. Wimbo ukikaribia kuisha, mwimbaji anashika noti ndefu ya juu, anaipandisha, kisha anaipandisha tena, yote kwa pumzi moja. Wakorea waliipa sehemu hiyo jina lake, sauti ya juu ya ngazi tatu, na waimbaji wengi chipukizi wamejipima nayo. Nami naipenda, naipenda sana. Lakini ukiukata wimbo ukabaki na ngazi hizo peke yake, unabaki na koo hodari na basi. Kinachonirudisha kwenye wimbo huu mwaka baada ya mwaka ni jinsi mafundi wawili walivyoziandalia noti zile njia tangu mwanzo kabisa, bila msikilizaji kujua kwamba anaandaliwa.

Mafundi hao ni Lee Min-soo, aliyetunga muziki, na Kim Eana, aliyeandika maneno. Mwaka 2009 majina yao yalikutana katika “Abracadabra” ya kundi la Brown Eyed Girls, wimbo wa kielektroniki wenye mdundo mzito. Hiyo ndiyo iliyokuwa hewa ya wakati ule. “Gee” ya Girls' Generation na “Sorry, Sorry” ya Super Junior zilitoka mwaka huohuo, na zote zilisimama juu ya neno moja fupi lililorudiwa mpaka likakwama kichwani. Sizidharau nyimbo hizo. Kulipata neno la namna hiyo ni kazi. Ila mtu aliyezizoea angeshangaa kuona mafundi haohao, mwaka uliofuata, wameweka mashine pembeni na kujaza studio fidla na tarumbeta kwa ajili ya msichana wa miaka 17.

Hadithi ya wimbo ni ndogo. Msichana amesimama mbele ya mvulana anayempenda, mvulana aliyemzidi umri kidogo, ambaye anamwita kaka kama ilivyo desturi ya Wakorea. Mvulana anamwambia jambo la kuhuzunisha. Maneno yenyewe hatuyasikii, lakini ni wazi kwamba anamwacha. Msichana anajifanya hajasikia. Anabadilisha mazungumzo. Anajiuliza moyoni kama kosa ni nywele zake alizozitengeneza upya, au nguo aliyoichagua asubuhi. Machozi yanapomjaa anainua uso juu ili yasidondoke, na pale juu anakutana na mbingu ya buluu isiyo na doa. Upepo nao ni mwanana. Siku ni njema kupita kiasi, na ndilo jina la wimbo kwa Kikorea, “Joeun Nal”.

Kim Eana angeweza kuandika mvua. Nyimbo za kuachana zimejaa mvua, Korea na kwingineko, kwa sababu mvua humrahisishia mwandishi kazi: mbingu inalia pamoja na mhusika. Yeye alichagua jua, na uamuzi huo mmoja ukampa mwenzake kazi nzuri ajabu ya kufanya. Muziki wa Lee Min-soo unacheza hali ya hewa. Usikilize bila kufuata maneno, utadhani ni wimbo wa sikukuu: fidla zinakimbia, tarumbeta zinachangamka, ngoma zinasukuma mbele bila kusita. Okestra nzima iko upande wa mbingu. Msichana yuko peke yake upande wa pili, na kwa muda mrefu muziki hauonyeshi hata dalili ya kujua yaliyomfika.

Masikio yaliyolelewa na taarab ya Unguja hayatapata taabu hapa. Fidla zinamjibu mwimbaji kila anapomaliza mstari, zinajaza nafasi aliyoiacha, kisha zinampisha. Tofauti ni kwamba katika taarab fidla aghalabu humuunga mkono mwenye kilio. Za Lee Min-soo zinamjibu kwa furaha, na furaha yao ndiyo inayouma.

Nitasema kidogo kuhusu kazi ya kuandika maneno, kwa sababu husifiwa mara chache. Katika pop ya Korea kawaida muziki hutangulia. Mwandishi huletewa wimbo ambao tayari una sauti yake yote, mara nyingi ukiwa umeimbwa kwa silabi zisizo na maana, naye hutakiwa kuweka lugha ndani yake. Yeyote aliyewahi kutunga shairi la mizani nane kwa nane anaijua adhabu hii, isipokuwa kwamba mshairi wetu anaweza kubadili mstari mzima akikwama. Mwandishi wa pop hawezi. Noti zimeshahesabiwa, ndefu na fupi zimeshapangwa, na pale ambapo sauti inapanda ni lazima pawe na irabu inayoweza kufunguka kooni. Sasa angalia alichokifanya Kim Eana ndani ya kifungo hicho: beti zake zinasikika kama mtu anayejisemea. Sentensi zinaanza na kukatishwa, msichana anajiuliza swali na kuliacha hewani, anapanga kusema jambo na kuliahirisha. Msichana hatoi hata sentensi moja ya kishairi. Maneno yake ni yale ambayo binti wa umri ule angeyasema akiwa amebanwa, na kila moja limekaa kwenye noti yake bila kuvutwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ninaloliona kuwa moyo wa wimbo. Katika hadithi hii kuna siri moja kubwa: msichana hajawahi kumwambia mvulana kwamba anampenda. Anasema mwenyewe kwamba ni neno ambalo hajalitamka hata mara moja na pengine hatalitamka tena. Mtunzi wa kawaida angelipandisha neno hilo mpaka kileleni, alifungulie tarumbeta zote na kulipigilia ngoma. Lee Min-soo na Kim Eana wameliweka mwisho wa kiitikio, chini, kwa sauti nyepesi ya mtu anayesema jambo na papo hapo kushtuka kwamba amelisema. Linapita upesi. Msikilizaji asiyejua Kikorea anaweza kulipita bila kujua kwamba hapo ndipo kila kitu kilipotokea.

Na sauti kubwa? Imepewa maneno machache mepesi ya Kiingereza kuhusu kuwa ndotoni, maneno ambayo yakisimama peke yake hayana uzito wowote. Nilipoligundua hili niliuelewa wimbo kwa mara ya kwanza. Siri imeshatolewa, jibu halikuja, na msichana hana tena la kusema. Kilichobaki ni pumzi. Kwa hiyo mafundi wanampa pumzi, na wanamwachia aitumie yote.

Sasa twende kwenye ngazi zenyewe. Kabla ya kupanda, msichana anaguna kidogo na kuhesabu moja, mbili, kama mtoto anayejiandaa kuruka mfereji. Noti ya kwanza ni mi ya oktava ya tano, ambapo nyuzi za sauti hutetemeka takriban mara 659 kwa sekunde. Ya pili ni fa, kama mara 698. Ya tatu ni fa iliyopandishwa nusu, karibu mara 740. Kwenye kinanda ni vibonye vitatu vinavyofuatana, hakuna kilichorukwa katikati. Zingatia udogo wa hatua hizo. Nusu toni ndiyo hatua fupi kuliko zote ambazo kinanda kinaziruhusu. Mtunzi aliyetaka kutushangaza kwa haraka angemrusha mwimbaji juu kwa hatua pana, na tungepiga makofi. Lakini hatua pana ina sauti ya ushindi, ya mtu aliyefika. Nusu toni mbili zinazofuatana zina sauti ya mtu aliyefika mwisho wa uwezo wake, akapata uwezo mwingine kidogo, akaumaliza, akapata kidogo tena. Noti ya zamani bado iko sikioni wakati mpya inaingia, kwa hiyo msikilizaji anausikia msukumo wenyewe. Na kwa kuwa hakuna kupumua katikati, kila ngazi inalipiwa na hewa ileile iliyovutwa mwanzoni.

Fikiria pia kwamba msichana yule alikuwa ameinua uso. Ameuinua tangu mwanzo wa wimbo, ili machozi yasidondoke. Njia pekee iliyobaki kwa sauti yake kwenda ni juu.

Waimbaji wa nyuma wanaingia hapo na kuisifu siku, wakiomba tu isiwalize, na wimbo unarudi kwenye hali yake ya hewa na kuishia humo. Mvulana hajibu neno. Hatujui hata kama alibaki amesimama.

Lee Ji-eun, kwa jina la jukwaani IU, hakuwa mgeni wa kazi alipoimba haya. Alianza Septemba 2008 akiwa na miaka 15, kwa wimbo mzito wa majonzi, “Lost Child”, ambao haukushika. Ukiusikiliza leo utasikia koo zuri lililobebeshwa huzuni ya mtu mzima. “Good Day” ilimpa huzuni ya umri wake. Beti anaziimba karibu na kuongea, kwa wepesi ambao waimbaji wengi wenye koo lake wangeuonea aibu, na ni wepesi huo unaotufanya tusishuku kinachokuja. Wimbo ulikaa kileleni mwa chati ya Gaon kwa wiki 5 mfululizo, na Wakorea wakaanza kumwita mdogo wao wa taifa. Lee Min-soo na Kim Eana waliendelea naye katika “You & I” mwaka 2011 na “The Red Shoes” mwaka 2013, nyimbo zenye mapambo mengi zaidi. Nazipenda zote mbili, lakini katika “Good Day” sioni pambo ambalo ningeliondoa. Mwaka 2019 wahariri wa jarida la Billboard walipopanga nyimbo 100 bora za pop ya Korea za muongo ule, waliiweka ya kwanza, na kwa maoni yangu hawakukosea.

Mnamo Septemba 2022 IU alijaza Uwanja wa Olimpiki wa Seoul, akiwa mwimbaji wa kwanza wa kike wa Korea kufanya tamasha lake mwenyewe pale. Aliuimba wimbo huu, ngazi zote tatu, na akawaambia mashabiki kwamba anauondoa katika orodha ya kawaida ya matamasha yake. Alikuwa na miaka 29. Msichana wa kwenye wimbo alikuwa amebaki na umri wake uleule. Naona aliamua vizuri. Wewe unayetaka kumsikia msichana yule, tafuta rekodi ya 2010, iliyomo katika albamu fupi iitwayo Real. Vaa hedifoni, acha video, na usisubiri noti tatu: sikiliza mwisho wa kiitikio, pale sauti inaposhuka.