"Kingavirusi Bandia": Istilahi Inayoficha Ulaghai

Katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo kompyuta, programu inayojidai kuilinda mashine ilhali inamwibia mwenyewe huitwa "kingavirusi bandia". Mafundi wa Musoma na Bunda tuliozungumza nao husema kwa mkato "antivairasi feki". Hatuna ugomvi na "kingavirusi", neno lililoundwa vyema na linalojieleza. Ugomvi wetu ni juu ya "bandia".

Mzee mwenye meno bandia hutafunia meno hayo, na aliyepoteza mguu hutembelea mguu bandia. Hapo bandia ni kitu kisicho cha asili lakini chenye kumfaa mwenyewe. Tutaambiwa kwamba iko pia noti bandia, na kila mtu huielewa. Ni kweli, lakini noti bandia hukaa mfukoni kimya, na hasara yake ni kukosa thamani. Programu tunayoizungumzia haikai kimya. Humzukia mtu anaposoma ukurasa wa intaneti, ikajifanya inakagua mashine, na baada ya sekunde chache ikatangaza kwa herufi nyekundu kwamba imekuta virusi mamia, kisha ikadai malipo. Hata kitufe cha kuifunga chaweza kuwa mtego wa kuiingiza, na ikishaingia huweza kuizuia kingavirusi ya kweli isifanye kazi. Mwezi Desemba 2008, Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani ilipozishtaki kampuni zilizouza WinFixer na nyingine za namna hiyo, ilieleza kwamba zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehadaika wakanunua.

Mwalimu anayefundisha kwa neno "bandia" humfanya mwanafunzi adhani kwamba hatari ni kukosa kinga tu. Sisi twapendekeza "kingavirusi laghai". Wapo watakaodai kuwa istilahi haipaswi kuhukumu. Hao tunawakumbusha mfasiri aliyezaliwa Butiama: katika tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, iliyochapwa mwaka 1969, Mwalimu Nyerere hakuandika wafanyabiashara wa Venisi, bali mabepari. Uteuzi huo waweza kubishiwa (nasi tumeubishia mara kadhaa), lakini hakuna msomaji aliyeshindwa kutambua maoni ya mfasiri.

Neno la pili ni "sanidua". Kwa sarufi halina kosa: limetendua "sanidi" kama "fungua" inavyotendua "funga". Lakini kusanidi, katika maandishi mengi, ni kuipanga programu ifanye kazi upendavyo. Basi anayeambiwa asanidue aweza kuvuruga mipango hiyo na kuiacha programu yenyewe mahali pake. Anayeambiwa "futa" hufuta kijipicha kilichoko kwenye kioo, akaridhika. Mkulima wa Bunda aijua ndago: ukiikata kwa jembe huchipua tena, maana viazi vyake vidogo vimebaki ardhini. Hung'olewa. Kwa nini programu ising'olewe?

Kwa maneno hayo, maelekezo ya mtu aliye nyumbani peke yake yangesomeka hivi: Usibonyeze chochote ndani ya dirisha lile. Kata intaneti. Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Alt na Delete, fungua orodha ya programu zinazoendeshwa, na ufungie kivinjari humo. Ikiwa kingavirusi laghai imekwisha kuingia, ing'oe kutoka katika orodha ya programu zilizowekwa. Ikikataa, washa mashine upya katika hali salama na ujaribu tena. Kisha kagua mashine nzima kwa kingavirusi ya kweli. Windows, tangu toleo la 8 la mwaka 2012, huja na yake. Kama umekwisha kulipa kwa kadi, iarifu benki siku hiyo hiyo.

Wasomaji watagundua kwamba tumetumia "hali salama". Tumelitumia shingo upande, kwa kuwa humpa mtu matumaini kabla ya wakati: mashine iliyowashwa katika hali hiyo bado ina laghai ndani yake. Tutafurahi kupokea neno bora zaidi kutoka kwa walimu na mafundi.