Siku Kumi na Moja na Kopo la Oili

Asubuhi ya leo nimefungua kikoki kilicho chini ya kopo, nikakinga kikombe cha plastiki, na kilichotiririka humo kimenifanya nimwite kila mtu aliyekuwa ndani ya nyumba. Chai ya maziwa! Rangi ni ile ile, uzito ni ule ule wa chai iliyochemka ikasahaulika jikoni, ila ukisogeza pua unapigwa na petroli. Vijiko vitatu vya supu hivi. Mama watoto akatazama kikombe, akanitazama mimi, akauliza kama siku hizi ninakamua gari. Ndiyo, ninakamua! Na kwa miaka mitatu niliyokaa na hii Forester, uchafu huo wote ulikuwa unarudi kooni mwa injini nami sina habari.

Wenzangu wa turbo, nisikilizeni. Nimeshafunga rimu, nimeshafunga taa, nimeshafunga spika ambazo majirani bado wananidai usingizi wao. Hakuna hata kimoja kilichonipa raha kama kopo hili la alumini lisilofika hata kimo cha mkebe wa maziwa ya unga. Limekaa hapo pembeni ya betri, linang'aa, halisemi kitu, linanasa oili tu. Jana usiku nilitoka na tochi kwenda kulitazama. Sioni haya kusema.

Gari lenyewe ni Forester XT ya 2005, ile ya SG5, yenye injini ya EJ205: lita mbili, silinda nne zilizolala mbili mbili zikipeana migongo, turbo moja, na intakula iliyokaa juu kabisa chini ya lile pua la boneti. Ni ukoo wa EJ20, ukoo uliompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote ndani ya Impreza. Kwa hiyo Mkenya akikuambia Subaru iko kwenye damu, usimcheke. Iko kwenye damu, na kwa gari langu mimi, kumbe oili yake ilikuwa pia kwenye mabomba ya hewa.

Maana kila injini huvuja pumzi, hata mpya. Petroli ikilipuka juu ya pistoni, moshi kidogo hupenya kando ya ringi ukashuka hadi kwenye krenki, ukakutana na ukungu wa oili inayorushwarushwa huko chini. Ukikosa njia ya kutokea, unajaa, na sili zinaanza kutema oili. Zamani dawa ilikuwa bomba lililoning'inia chini ya gari na kumwaga kila kitu barabarani. California ndiyo iliyolikataa jambo hilo kwanza: magari mapya yaliyouzwa huko kuanzia modeli za 1961 yalitakiwa kuurudisha moshi huo ndani ya injini ukaungue. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa mpaka leo na vali ya PCV, kidude kisichozidi kidole gumba ambacho wengi wetu hatujawahi kukigusa.

Kwenye gari la kawaida habari inaishia hapo. Kwenye turbo ndipo mambo yanapogeuka, na hapa ndipo nilipokesha na mchoro wa mipira siku mbili nzima. Juu ya bloku ya EJ205 unatoka mpira mmoja mnene, kisha unagawanyika. Tawi moja linaingia kwenye PCV na manifoldi ya hewa. Tawi la pili linakwenda kwenye bomba la hewa kabla ya turbo. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, manifoldi inanyonya, moshi unapita PCV, salama. Lakini kanyaga! Turbo inaijaza manifoldi hewa, PCV inajifunga ili hewa hiyo isisukumwe chini kwenye krenki, na moshi wote unakimbilia tawi la pili, mbele ya turbo. Kwa maneno mengine, pale pale unapoitaka nguvu, ndipo injini inaponyweshwa ukungu wa oili: kupitia mapezi ya turbo, kupitia intakula, hadi ndani ya silinda.

Na oili ndani ya silinda si suala la moshi wa bluu peke yake. Inaifanya petroli iwe nyepesi kulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni za injini hizi hazipendi kabisa kupigwa namna hiyo. Kinachopasuka kwanza ni kingo zinazoshika ringi. Ndani ya kifuniko changu cha tangi bado kuna kibandiko cha Kijapani kinachotaka petroli ya daraja la juu. Tangu gari lishuke Mombasa, sijui ni vituo vingapi vimelijazia super ya kawaida bila mtu kukisoma. Petroli imeshapungua ubora, halafu tuiongezee oili? Hapana bwana.

Sasa kopo. Unalipachika katikati ya mpira ule, moshi unaingia upande mmoja, unapigwa kona ndani, unapoa, matone ya oili na maji yanadondoka chini, na hewa iliyochujwa inaendelea na safari yake. Nasema hivyo kama mtaalamu, lakini kopo langu la kwanza nililinunua Grogan, kule kwenye maduka ya vipuri, kwa macho tu. Jekundu, zuri, lina kioo cha kuonyesha kiwango. Nililifunga, nikatembea wiki mbili, kioo kikavu. Nikafungua: tupu! Hakuna ubao wa kukinga ndani, hakuna wavu, hakuna kitu. Bomba la kuingilia na la kutokea yanatazamana kama madirisha ya nyumba mbili za jirani. Oili ilikuwa inapita ikinipungia mkono. Muuzaji aliponiona narudi alikuwa na mteja muhimu sana.

La pili ndilo hili. Lina ukuta ndani unaoulazimisha moshi ushuke kabla ya kupanda, na kabla ya njia ya kutokea limejazwa wavu wa chuma kisichoshika kutu, unaofanana na ule wa kusugulia sufuria. Usishawishike kujaza ule laini unaovunjikavunjika, kwa sababu vipande vyake vina njia moja tu ya kwenda, nayo ni kwenye turbo.

Kazi ilichukua Jumamosi kuanzia saa tatu hadi saa tisa, pamoja na chai. Fundi wangu, mzee aliyeanza na Peugeot 504 kabla sijazaliwa, alikuja kukaa kwenye ndoo na kunisimamia. Spana za 10 na 12 zinatosha karibu kazi yote. Intakula inatoka kwanza, na ilipotoka niliiinamisha: ikadondosha oili kwenye karatasi, tone, tone, tone. "Unaona, kijana? Hii ndiyo ulikuwa unanyweshea gari," mzee akasema. Nilikata njia ya pumzi juu ya bloku, kabla mpira haujagawanyika. Kwa hiyo matawi yote mawili yanahudumiwa na kopo moja, PCV imebaki pale pale, na hakuna tundu lililozibwa. Mzee alilisisitiza hilo mara tatu. Kuna watu wanaoziba PCV wakidhani wanailinda injini. Wiki ijayo utawaona wakitafuta sili ya krenki.

Mpira nao usiuchukulie mzaha. Nilikuwa na kipande kizuri kilichobaki kwenye kazi ya hita, unene wa milimita 19, kinaingia bila taabu. Mzee akakirusha kando. Mpira wa maji ya hita ukikutana na oili unavimba na kulainika, na mpira laini unabanana wenyewe ukinyonywa. Tukatuma kijana wa bodaboda alete ule wa oili wenye ukuta mnene. Halafu mteremko: mpira wa kuingilia ushuke moja kwa moja hadi kwenye kopo, usiache tumbo linaloning'inia, la sivyo maji yatatulia hapo badala ya kufika kwenye kopo.

Kabla hatujaingia barabarani, mzee akaomba glavu ya mpira, ile ya hospitali. Akafungua kifuniko cha kujazia oili, injini ikinguruma polepole, akaivisha glavu kwenye tundu. Ikanywea taratibu, vidole vikaingia ndani kidogo. Nilipiga makofi peke yangu! Ingefura na kusimama kama mkono unaosalimia, maana yake pumzi imeziba mahali au ringi zimechoka. Na ringi zikichoka, nakuambia mapema, kopo halikusaidii chochote zaidi ya kukuonyesha msiba unavyojaa.

Tangu hapo nimekwenda Limuru mara nne alfajiri, nimeshuka Mai Mahiu, nimerudi kupitia Thika Road na foleni zake. Je, gari lina nguvu zaidi? Hapana. Yeyote atakayekuambia kopo limemwongezea farasi kumi ameongeza chumvi. Kilichobadilika ni kwamba ule moshi mwembamba niliokuwa nikiuacha nyuma nikikanyaga ghafla baada ya foleni ndefu sijauona tena, na harufu ya oili chini ya boneti imekwisha. Ile rangi ya chai ninailaumu Limuru: baridi ya asubuhi, safari fupi, mvuke unapoa kuwa maji na kukorogeka na oili. Siku ya joto mjini kopo limetoa oili nyeusi tupu, kidogo sana. Kwa vyovyote vile, usirudishe kile kikombe kwenye injini kwa kubana matumizi. Kina maji na petroli ndani. Changu kinaingia kwenye dumu la oili chafu.

Kasoro zipo, nisifiche. Mipira miwili inayotoka kwenye hedi bado inapumua moja kwa moja kwenye bomba la hewa bila kuchujwa, na kwenye kona ndefu oili ya injini iliyolala hukimbilia hedi ya nje, kwa hiyo kopo la pili linakuja mwisho wa mwezi. Kikoki cha hili lililopo ni kigumu kukifikia bila kuunguza mkono. Na ni lazima ukumbuke kumwaga, kwani kopo likijaa litarudisha shehena yote kwa mpigo mmoja. Ndugu zangu wenye Forester za kuanzia mwisho wa 2012, zenye FA20 ya turbo, ninyi mnalihitaji zaidi yangu: petroli yenu inapulizwa ndani ya silinda moja kwa moja, haioshi vali za kuingizia hewa, na kila ukungu wa oili unaofika pale unaokwa ukabaki.

Nilitoa shilingi 6,500 kwa kopo, mpira na klipu, na mzee hakutaka zaidi ya chakula cha mchana. Ukienda kununua, mwambie muuzaji akufungulie kifuniko pale pale kaunta uchungulie ndani. Ukiona upande wa pili, mrudishie.