Kitenzi "go" na Kazi ya Mfasiri

Kitenzi "go" cha Kiingereza ni kifupi kwa umbo, lakini mizigo yake ni mingi. Na mfasiri akiandikaye "enda" kila akionapo atapotea. Zamani kilitumika hata kwa maana ya kutembea kwa miguu, mbali na kukimbia au kupanda farasi. Umbo lake la wakati uliopita, "went", kiliazima kwa kitenzi kingine, "wend", ambacho asili yake ni kugeuka.

Mara nyingi hakina mwendo wo wote. Kwa Mwingereza maziwa huenda mabaya, mtu huenda kipofu, taa huenda nje. Kwetu maziwa huchacha, mtu hupofuka, taa huzimika. Badiliko limo katika kitenzi chenyewe. Mwanafunzi aandikaye "amekwenda kichaa" hakuvunja sarufi, lakini hakuna Mswahili asemaye hivyo. Husema amerukwa na akili: mtu yupo pale pale, ila akili imemruka.

Walakini tusijivune. Tusemapo "huenda mvua ikanyesha," hakuna aendaye. Neno limebaki shaka tupu. Na Mwingereza asemapo anakwenda kufanya jambo, pengine hainuki kitini. Ataja wakati ujao tu.

Basi yampasa mfasiri aulize kwanza: je, hapa yuko aendaye? Akiwapo, "enda" latosha. Asipokuwapo, na alitafute neno la jambo lenyewe.